Mlango wa Kabati la Mafagio

Inga Aamot alimpa Verna Tveit maboksi matano matupu mbele za watu, na jambo hilo lilimchoma Verna kuliko hata barua yenyewe.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Machi 1966, na duka la Aamot lilikuwa limefurika kwa sababu redio ilikuwa imetangaza hali mbaya ya hewa. Kila mtu mjini Nordby alikuwa amekuja kununua mkate, maziwa na mishumaa. Verna alikuwa kwenye foleni, mkebe wa kahawa mkononi. Inga, mwenye duka, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuongoza kwaya, alitoka nyuma ya kaunta amekumbatia maboksi.

"Nimekuwekea haya, Verna. Ya matofaa. Ni magumu, hayapasuki ovyo. Utayahitaji kufungia vyombo."

Foleni nzima ikageuka. Barua ilikuwa imefika Ijumaa, na kufikia Jumapili baada ya ibada hakuna aliyekuwa hajui yaliyomo.

"Vyombo vyangu viko kabatini, Inga, na vimetulia."

"Najua, mpenzi. Ila Juni si mbali."

"Basi nipe mawili. Nitapandia nyanya."

Mtu fulani nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Verna alilipa kahawa yake, akabeba maboksi mawili, akatoka ameinua kichwa. Alikiinua hivyo mpaka alipopinda kona ya benki. Huko akasimama, akavuta pumzi, akayatazama yale maboksi kama mtu aliyepewa kitu cha kufukia.

Nyumbani kwao ni vyumba vitatu nyuma ya Bohari. Kwa jina la serikali ni bohari ya silaha ya jeshi la akiba, lakini Nordby watu husema Bohari tu: jengo la matofali mekundu lenye minara miwili mifupi, lililojengwa na wanaume wa mji huo huo miaka ya njaa, kazi zilipokuwa hazipatikani na serikali ikiwalipa kupanga matofali. Kila Jumatatu jioni wakulima, walimu na daktari wa meno huvaa magwanda na kufanya gwaride humo. Siku nyingine bunduki zao hukaa nyuma ya mlango wa chuma, na ukumbi ni wa kila mtu. Mume wa Verna, Arvid, alikuwa mtunzaji wa jengo kwa miaka kumi na tisa. Kazi na makazi vilikuwa kitu kimoja. Barua ilivifuta vyote kwa sentensi moja: jengo lifungwe tarehe thelathini Juni, kikosi kihamie mji mwingine, makazi yarudishwe. Sababu: matumizi hafifu.

Alimkuta Arvid ukumbini, amepiga magoti, anasugua nta kwenye sakafu ya mbao.

"Usikanyage," alisema bila kugeuka.

"Sijakanyaga. Nimesimama mlangoni kama ombaomba kwangu mwenyewe. Hiyo nta ya ngapi?"

"Ya tatu. Meja anakuja Alhamisi kukagua."

"Anakuja kukufukuza, nawe unampigia msasa njia."

Arvid aliendelea kusugua. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache. Hasira zake hazikuonekana usoni, ziliishia kwenye kitambaa cha nta. Verna aliyaweka maboksi chini, akaitoa ile barua mfukoni mwa aproni.

"Hebu niambie. Nani kasema matumizi hafifu?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Kitabu cha jengo. Kila mwaka hupelekwa makao makuu. Wamehesabu siku. Jioni arobaini na nane kwa mwaka."

"Na kitabu hicho kinaandikwa na nani?"

Kitambaa kilizunguka mara mbili, mara tatu.

"Na mimi."

Verna alifumba macho. "Dansi za vijana za Ijumaa?"

"Hiyo si kazi ya jeshi."

"Mpira wa kikapu? Shule haina ukumbi, Arvid! Marlys wako anacheza hapa mara tatu kwa wiki!"

"Si jeshi."

"Chanjo ya polio? Watoto wote wa wilaya walipita hapa, foleni ilifika mtoni!"

"Walikuwa manesi, Verna. Hawakuwa askari."

"Mafuriko je? Watu walilala hapa wiki mbili!"

Safari hii Arvid aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Hao walikuwa majirani. Utaandikaje kwenye kitabu cha serikali kwamba umemkaribisha jirani? Ni kujisifu."

Verna alikaa juu ya boksi la matofaa, likabonyea. Hata yeye alizaliwa Nordby. Huu ni mji ambao kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, kisha nusu ya ile nusu, mpaka kibaki makombo kwenye sahani, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana amekichukua. Miaka kumi na tisa mume wake alikuwa ameuficha mji mzima ndani ya jengo la serikali, kwa adabu tu.

"Adabu yako," alisema mwishowe, "itatulaza nje."

Dirishani mvua ilianza kudondoka, nyembamba, na kila tone lilipogusa kioo lilinata pale pale na kugeuka barafu.

*

Jumatano asubuhi Nordby ilikuwa imevikwa kioo. Kila tawi, kila waya, kila ua ulikuwa na barafu nene kama kidole gumba. Saa tatu nguzo za umeme za barabara kuu zilianguka moja baada ya nyingine, zikivutana. Umeme ukakatika, simu ikafa. Katika nyumba nyingi watu walikuwa wameshaacha majiko ya makaa na kuweka ya mafuta, yanayowashwa kwa umeme, na kufikia saa tano mtu akiwa jikoni kwake aliweza kuiona pumzi yake.

Bohari ilikuwa na tanuri kuukuu la makaa chini ya sakafu, halikuhitaji umeme wala hisani ya mtu.

Wa kwanza kugonga alikuwa Bibi Hjordis Lund, mjane wa miaka themanini na miwili, aliyekuja kwa kuburuta makalio kwenye kibao cha kuteleza juu ya theluji, akisukumwa na jirani. Nyuma yao, barabarani, Verna aliona wengine, wameshikana mikono mnyororo mzima, wanatembea kama bata.

Kanuni ilikuwa wazi. Bila sahihi ya kapteni, mtunzaji hana ruhusa ya kufungulia raia. Kapteni ndiye yule daktari wa meno, na alikuwa upande wa pili wa mto bila simu. Verna alimtazama mumewe. Nyuma yake sakafu ilimetameta, nta tatu, ya mwisho ina saa ishirini tu. Laiti watu wangengoja ikauke.

"Arvid," alisema polepole. "Meja akija akakuta umefungua bila sahihi, hata Juni hatutafika."

"Ndiyo."

"Na sakafu yako."

Arvid aliitazama sakafu kama mtu anavyomtazama farasi wake kabla ya kumuuza. Kisha akafungua mabawa yote mawili ya mlango mkubwa.

"Karibuni," alisema. "Tanuri linawaka."

Hapo likatokea jambo ambalo Verna hakulitegemea, ingawa angepaswa. Watu wale, midomo ya samawati, kope zimeshikana kwa barafu, waliingia kwenye baraza, wakainama, wakaanza kuvua viatu. Hakuna aliyewaambia. Nordby hakuna anayeikanyaga sakafu ya Bohari na viatu, ni kitu mtoto anafundishwa kabla ya sala. Wazee walishikilia ukuta, akina mama walivuta buti za watoto, vidole vikikataa kukunjuka. Marlys, binti yao wa miaka kumi na sita, alizipanga buti ukutani kwa familia, vidole vyote vikitazama upande mmoja.

"Mama, tutakosa ukuta," alisema alipofika buti ya mia mbili na kitu.

"Anza safu ya pili. Na usisimame, zikikauka vibaya ngozi itapasuka."

Kufikia saa saba mchana vitanda vya kambi vilikuwa vimetolewa stoo. Askari wa akiba walioweza kufika, wanane tu, walikuwa wakigawa mablanketi bila magwanda, wamevaa sweta walizofumiwa na mama zao. Jikoni Verna alikuwa ameshika uongozi bila kuchaguliwa na mtu.

"Nani kaleta viazi?"

"Mimi, gunia moja."

"Menya. Wewe, Clarence, acha kuota moto kama paka, katakata vitunguu. Inga, hizo ni nini?"

Inga Aamot alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi, amebeba boksi la matofaa limejaa nyama za mikebe, mishumaa na kahawa, vyote vilivyobaki dukani kwake. Macho yake yaliliangukia boksi, kisha yakamwangukia Verna. Wote wawili walilitambua.

"Weka pale," Verna alisema. "Boksi zuri. Halipasuki."

*

Meja Pruitt alifika saa tisa, siku moja kabla ya miadi. Alikuwa ameondoka mji mkuu wa jimbo mapema ili kuikwepa dhoruba, nayo ikamkuta njiani. Gari lake lilikuwa mtaroni maili nne kutoka hapo, naye aliletwa nyuma ya trekta, ameketi juu ya mabua, mkoba wa ngozi kifuani. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sharubu zilizoganda. Alipita barazani, akaona nuru na joto mbele yake, akaenda moja kwa moja.

Fimbo ikamzuia kifuani.

"Viatu," alisema Bibi Hjordis, ambaye alikuwa amejiwekea kiti mlangoni.

"Mama, mimi ni meja. Nimekuja kukagua jengo hili."

"Na mimi ni mjane wa aliyepigilia misumari sakafu hiyo. Viatu."

Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama. Arvid alikuja akikaribia kukimbia, akasimama wima kama askari, masikio mekundu. "Bwana Meja. Arvid Tveit, mtunzaji. Nimefungua bila sahihi ya kapteni. Kosa ni langu peke yangu, mke wangu hahusiki."

"Nahusika," Verna alipaza sauti kutoka jikoni. "Nilimwambia asifungue, akafungua, nikafurahi. Andika hivyo."

Meja aliwatazama watu mia tatu waliokaa kwa soksi. Akainama, akafungua kamba. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia. Kitoto kimoja kikacheka. Verna alitoka na jozi ya soksi za sufu za Arvid, akamrushia bila neno, na meja akazivaa amesimama mguu mmoja kama korongo.

Mtu alimkalisha, mwingine akampa kahawa. Mezani palikuwa na sahani yenye kipande cha keki ya viungo. Kilikuwa kimeanza kikubwa, kisha kimekatwa, kimekatwa tena, mpaka kimebaki ukubwa wa kiberiti. Meja alikichukua, akakitia kinywani, akatafuna.

Meza nzima ikakiangalia kinywa chake.

"Mgeni," Bibi Hjordis alieleza kwa huruma. "Mwacheni."

*

Alhamisi asubuhi barafu ilikuwa bado imeshika, na meja akafanya alichokuja kufanya. Alipima kuta, akakagua mlango wa chuma wa silaha, akashuka kwenye tanuri, yote hayo kwa soksi za Arvid. Hakuwa mtu mbaya. Verna alimwangalia kwa makini akitafuta ubaya ili apate wa kumkasirikia, akaukosa. Alikuwa mtu wa fomu tu. Watoto walimfuata nyuma kama vifaranga, naye aliwaruka bila kuwakemea.

Mwishowe akaketi kwenye meza ya jikoni, akaomba kitabu.

Alikisoma kwa nusu saa, na muda wote huo Verna alikuwa akikuna sufuria moja ambayo ilikuwa safi tayari.

"Bwana Tveit," meja alisema, "nitalisema la kufungua kwanza. Ningekuwa wewe, ningefungua. Sitaliandika kama kosa."

"Asante."

"Lakini hili lingine silijui nilifanyeje. Nimelala kati ya bibi mmoja na mbwa wawili. Nimeona jengo hili linavyofanya kazi. Makao makuu hayataki kujua nilichoona. Dhoruba ni tukio la mara moja, halihesabiwi. Wanataka kumbukumbu za miaka, zilizoandikwa siku ile ile, kwa mkono wa mtunzaji. Na mkono wako unasema jioni arobaini na nane."

"Ndivyo mkono unavyosema."

"Hakuna kingine? Watu wananiambia harusi, chanjo, mafuriko. Yaandike sasa, niyachukue."

Verna aliacha sufuria. Hii ilikuwa kamba ya kuokolewa, imetupwa mpaka miguuni.

"Tarehe sizikumbuki zote," Arvid alisema. "Siwezi kutia sahihi nisichoweza kuapia."

"Arvid!"

"Siwezi, Verna."

Angemrushia ile sufuria, pengine, kama ukumbini mtoto asingemwaga bakuli la supu na mtu asingepiga kelele kutaka tambara. Verna alitoka kwa hasira kwenda kwenye kabati la mafagio mwisho wa barabara ya ndani. Kabati hilo lilikuwa himaya ya Arvid. Aliyetaka fagio alimwomba. Mlango wake ulifunguka nje, na Arvid aliufungua mwenyewe, upenyo tu, kwa hiyo uso wa ndani haukuonekana na mtu. Lakini leo Verna aliuvuta mwenyewe, ukaegemea vitanda vya kambi vilivyosimamishwa pale ukutani, ukimtazama.

Ulikuwa umejaa maandishi ya penseli kutoka juu hadi chini, mistari myembamba, mwandiko wa Arvid usio na haraka.

*Nov 8, 1947. Harusi ya Lund. Kopo 1.*

*Ago 19, 1950. Kikosi kimeondoka kwenda vitani. Familia zote. Makopo 2.*

*Apr 11–25, 1952. Mafuriko. Familia 43, kuku. Makopo 5.*

*Mei 3, 1955. Chanjo. Watoto 611. Kopo 1. Watoto hawachafui, wanalia tu.*

Verna alisahau tambara. Alisoma amepiga magoti. Bazari za kanisa, mashindano ya kikapu, kura, wiki ile shule ilipoungua na darasa la kwanza hadi la nne wakasomea kwenye kona ya bendera. Miaka kumi na tisa, safu mbili na nusu.

"Arvid! Njoo hapa!"

Alikuja, na meja nyuma yake.

"Hii ni nini?"

Arvid alionekana kama mtu aliyekutwa na chupa. "Hesabu ya nta."

"Naona nta. Naona pia mji mzima. Kwa nini uliandika na sababu?"

"Serikali hutoa makopo kumi na mawili kwa mwaka. Hayatoshi. Mengine nilikuwa nanunua. Nilitaka kujua yanakwenda wapi."

"Unanunua kwa hela gani? Kila senti ya nyumba hii naijua ilikolala!"

Arvid alikuna shingo. "Ya tumbaku."

"Uliacha tumbaku mwaka arobaini na tisa. Ulisema ni kifua."

"Kifua hakikuwa na neno," alisema Arvid.

Kwa miaka kumi na saba Verna alikuwa akiwasimulia wanawake wenzake jinsi alivyomwachisha mumewe kuvuta, kwa ukali wake na chai ya mitishamba.

Meja alikuwa amechuchumaa, miwani puani, kidole kikifuata mistari. "Uliandika siku ile ile?"

"Nikimaliza kupaka. Mikono ikiwa bado na nta. Ukisugua utaisikia."

Meja akasugua. Akainusa ncha ya kidole chake.

"Leta bisibisi," alisema.

*

Waliung'oa mlango, wakaulaza juu ya meza mbili za kulia katikati ya ukumbi, penye mwanga wa madirisha. Hakuna aliyeitwa, lakini watu walikuja. Walisogea kwa zamu, kwa soksi, kimya, kama wanaosogea mezani kanisani. Kisha kimya kikavunjika.

"Harusi yetu! Orville, tazama, kopo moja tu."

"Walutheri hawachezi dansi sana."

"Hapa pameandikwa 'bia imemwagika'. Nani aliyemwaga bia?"

"Ni wewe, Clarence, na mji mzima unajua."

Bibi Hjordis aliomba asomewe ya Novemba 1947, harusi ya mwanawe. Akaomba tena. Marlys aliukuta mstari wa Machi 1951: *Marlys ametembea, hatua 6, kutoka mlango wa silaha hadi duara la katikati. Nta haikuhitajika.* Aligeuka mwekundu, akamtazama baba yake, na baba yake akaanza kuikagua dari.

Meja aliketi na karatasi zake, ananakili, na kila mara aliomba mtu mmoja aape kwamba tukio fulani lilikuwa kweli. Waliapa kwa aibu, mikono mifukoni, kana kwamba wameshikwa wakijisifu.

Inga Aamot alikuja wa mwisho. Hakuwa akitafuta, alikuwa anajua tarehe. Kidole chake kilishuka kwenye safu ya kwanza mpaka kikasimama, na Verna, aliyekuwa kando yake na birika la kahawa, akasoma pia.

*Okt 6, 1951. Mazishi ya Roald Aamot, kutoka vitani. Watu 700. Makopo 0. Hakuna aliyekanyaga katikati.*

Verna aliikumbuka siku ile. Jeneza la mwana wa Inga lilikuwa limewekwa kwenye duara la katikati, bendera juu yake, na watu mia saba walijibana kwenye kuta nne, bega kwa bega, hata wazee, saa nzima. Arvid alikuwa ameisugua sakafu hiyo siku mbili nzima, na baada ya mazishi hakuigusa tena kwa mwezi mzima.

Inga hakulia. Aliweka kiganja kizima juu ya mstari, akakiacha pale.

"Wakiliuza hili jengo," alisema kwa ile sauti ya kwaya, na ukumbi wote ukasikia, "atakayenunua ataweka nini pale katikati? Matrekta?" Akamgeukia meja. "Bwana, mimi nilimletea mwanamke huyu maboksi ya kuhamia. Mbele za watu. Andika kwamba nilikosea, kama hiyo fomu yako ina nafasi."

"Fomu haina nafasi hata ya mlango, mama," meja alisema.

"Basi itengenezee," Verna akamwambia, akimmiminia kahawa. "Wewe ni meja. Sisi tumetengeneza nafasi ya watu mia tatu jana, na hatuna hata cheo."

*

Jumamosi barafu iliyeyuka kiasi cha lori la jeshi kupita. Meja Pruitt alisema nakala hazitoshi, makao makuu watadhani ametunga. Wanaume wanne waliubeba mlango, wameufunga blanketi, wakaulaza nyuma ya lori. Meja alitaka kuzivua soksi za Arvid.

"Zibaki," Verna alimwambia. "Ukiingia kwenye mkutano wenu, zivae. Ukumbuke."

Siku mbili Arvid alishinda amepiga magoti ukumbini. Nta mbichi ilikuwa imekunjamana chini ya vitanda, imebeba alama za vidole vya miguu, manyoya ya mbwa, na karibu na bendera, umbo kamili la makalio ya Bibi Hjordis alipoteleza siku ya pili. Verna hakumwambia lolote. Alichukua kitambaa cha pili, akapiga magoti upande wa pili, wakasugua kuelekea katikati.

Aprili ilipita, hawakupata neno. Ikaja katikati ya Mei. Nyanya zilikuwa zimeshachipua kwenye maboksi mawili ya matofaa dirishani, zimekuwa ndefu, zinangoja udongo upate joto, na Verna hakujua azipande kwenye udongo gani. Barua ilipofika aliifungua yeye, barazani, kwa kidole chenye matope. Bohari ya Nordby itabaki. Itaangaliwa tena baada ya miaka mitano. Mtunzaji anaagizwa kuandika kitabuni matumizi yote ya jengo, yawe ya kijeshi au yasiwe. Kuhusu mlango, jimbo lingeomba kukaa nao.

Alimpelekea Arvid, akasimama mpaka amalize kusoma mara mbili.

"Wameuchukua mlango wangu," alisema.

"Nenda kauandike huo mji wako, Arvid. Ni amri sasa."

Alikwenda ofisini. Alikaa humo muda mrefu kwa mtu wa mistari michache. Alipotoka kwenda kuwasha tanuri la gwaride la jioni, Verna aliingia, akakifungua kitabu cha serikali ambacho hakuwa na ruhusa ya kukigusa. Wino ulikuwa bado unang'aa.

*Machi 9–12, 1966. Dhoruba ya barafu. Watu 312, mbwa 9, meja 1. Makopo 6. Yamestahili.*